Uhaba Ukiingia Sokoni, Tununue kwa Akili, Si kwa Hofu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya Kitui na Makueni)

Leo hatutazungumza juu ya mvua, kwa sababu mvua hatuna uwezo nayo. Tutazungumza juu ya jambo ambalo tuna uwezo nalo kidogo, yaani vile tunavyonunua na kuuza wakati kitu kimeadimika.

Njaa na jina lake

Kwetu Ukambani njaa kubwa hupewa jina. Ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazee waliiita Nikw'a ngwete, yaani "nafa huku nimeshika". Kilichoshikwa mkononi ni pesa. Watu walikuwa na shilingi, lakini chakula cha kununua hakikuwapo. Mwaka 1984 ilibidi serikali iagize mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na hata wale ambao hawakuyapenda waliyala.

Jina hilo ni somo. Pesa ni ahadi tu kwamba ukifika sokoni utapata. Soko likikauka, ahadi hiyo haitimizwi. Kwa hiyo mtu akisikia neno "uhaba" hushtuka, na ana haki ya kushtuka. Shida inaanza pale mshtuko unapotununulia.

Hofu hununua kuliko njaa

Mnakumbuka mwaka 2017. Bei ya unga wa mahindi ilipanda sana, na mwezi wa Mei serikali ikaleta unga wa bei nafuu, shilingi 90 pakiti ya kilo mbili. Unga huo ulikuwa ukifika dukani unaisha mara moja. Maduka mengine makubwa yalimwekea kila mteja kikomo cha pakiti. Mwezi wa Julai 2022 mambo yalijirudia: pakiti iliyokuwa imepita shilingi 200 ikatangazwa kuwa 100, na watu wengi wakaitafuta bila kuiona.

Sasa tujiulize, je, tulianza kula ugali mara mbili zaidi wiki hiyo? Hapana. Aliyehitaji pakiti moja alitaka nne, kwa sababu alihofu kwamba kesho hatapata. Tukifanya hivyo wote siku moja, hata duka lililojaa litabaki tupu. Mwenye mshahara hubeba pakiti nne. Mama wa kibarua, anayenunua kwa pesa ya siku, hufika jioni na kukuta rafu tupu.

Tena kuna jambo lingine. Sukari ikipanda bei, tunaweza kunywa chai bila sukari. Nguo zikipanda, tunashona viraka. Lakini unga ukipanda hatuachi kula. Tunapunguza mboga, sabuni, mafuta ya taa, na mwisho karo ya watoto, ili unga ubaki. Mfanyabiashara anajua hivyo. Ndiyo maana bidhaa ya tumbo ikipungua kidogo tu, bei yake hupanda sana.

Uhaba hufumba macho

Mwaka 2004, wilaya za Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi kwa mahindi yenye aflatoksini, sumu itokanayo na ukungu. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafariki. Mahindi mengi yalikuwa yamewekwa nyumbani yakiwa na unyevu. Wataalamu walipopima mahindi na unga sokoni, zaidi ya nusu ya sampuli zilikuwa na sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa.

Tunalitaja hili kwa masikitiko, maana wengi wetu tuna majirani waliofiwa. Wakati wa shibe mama huchukua punje mkononi, anaziangalia, anazinusa, na zikiwa mbaya anaenda kwa muuzaji mwingine. Wakati wa uhaba anashukuru tu kwamba amepata. Na sumu hii haiondoki kwa kuchemsha. Basi siku tunayotaka kununua bila kuangalia ndiyo siku ya kuangalia mara mbili.

Tunauza rahisi, tunanunua ghali

Uhaba mwingi wa kwetu hauji ghafla. Unakuja kila mwaka na tunaujua mwezi wake. Mvua ya kutegemewa hapa ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na mavuno yake yanaingia kama Februari. Wakati huo kila mtu anauza, na bei inaanguka. Kufika Septemba na Oktoba ghala ni tupu, na kila mtu ananunua.

Tupige hesabu ya mfano. Gunia la kilo 90 lina gorogoro kama 45. Tuseme unaliuza Februari kwa shilingi 60 gorogoro: unapata 2,700. Oktoba gorogoro ikiwa 120, pesa ile ile inakurudishia nusu gunia tu. Nusu nyingine imekwenda wapi? Imebaki kwa yule aliyekuwa na ghala na subira.

Na mbuzi ni vivyo hivyo. Ukame ukizidi, sote tunapeleka mbuzi sokoni siku moja, wamekonda, na bei inashuka huku mahindi yakipanda. Anayeuza mbuzi mmoja mapema, angali mnono, hupata mahindi mengi kuliko anayeuza wawili baadaye.

Tufanye nini?

Kwanza, kila nyumba ihesabu chakula chake mara baada ya mavuno, kabla dalali hajafika. Tutenge cha kula hadi mavuno mengine; kinachobaki ndicho cha kuuza.

Pili, tukaushe vizuri. Weka chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Yakikauka, tia katika mifuko isiyopitisha hewa.

Tatu, kikundi kiwe na ghala. Kila mwanachama alete debe moja wakati wa mavuno. Daftari liwe wazi, na ufunguo usikae kwa mtu mmoja.

Nne, tununue pamoja. Watu kumi wakinunua magunia mwezi wa Machi hawatanunua gorogoro moja moja mwezi wa Oktoba.

Tano, uvumi ukija, tuulize: kitu hiki kimeisha kweli, au tumeambiwa tu? Nyumbani kipo cha siku ngapi? Tuchukue cha kututosha, na mwingine naye apate.

Kuna watakaosema, "Karo inadaiwa Februari, nitawekaje mahindi?" Ni kweli, na hatuwezi kumlaumu mzazi. Hapo ndipo mfuko wa kikundi unapofaa: mwanachama akopeshwe karo, gunia lake libaki ghalani kama dhamana, aliuze bei ikipanda.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Mwaka jana tuliuza mahindi na ndengu mwezi gani, na tulinunua mwezi gani?
2. Ni kitu gani tulikimbilia kununua kwa hofu, na nani alikosa kwa sababu yetu?
3. Katika kikundi chetu, ufunguo wa ghala ungekaa kwa nani?