MWALIMU ALIYEJIUZULU
Hotuba ya Katibu wa Tawi, mkutano wa wanachama wa Jumapili. Inatumwa hapa kwa ajili ya wote, hasa ambao hawakufika.



Mwenyekiti aliniagiza nizungumzie kiongozi mmoja wa kuigwa. Nimemchagua Mzee Ali Hassan Mwinyi. Wengi wetu tunamkumbuka kama Mzee Ruksa, yule aliyefungua biashara baada ya miaka ya kupanga foleni ya sukari na sabuni. Leo naomba tumtazame kama mwalimu.

Alizaliwa Mei 8, 1925, Kivure, Mkoa wa Pwani, akapelekwa Unguja angali mtoto. Alisoma Mangapwani na Dole, kisha akarudi Mangapwani kufundisha, hadi akawa mwalimu mkuu. Hakubweteka. Huku anafundisha wenzake, yeye mwenyewe alikuwa anajisomea kwa njia ya posta. Baadaye alikwenda Uingereza kusomea ualimu, Chuo Kikuu cha Durham. Aliongoza Chuo cha Ualimu Zanzibar, na baada ya Mapinduzi ya 1964 akawa Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu.

Alipokuwa Rais, ndipo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha 1994. Leo karani, askari au mama mwenye watoto anasoma shahada bila kuacha kazi yake. Chuo kile hakikuwa kazi ya mtu mmoja. Lakini Rais aliyewahi kusubiri masomo yake kwa posta hakuhitaji kuelezwa faida yake.

Ndugu wanachama, sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nimchague.

Mwaka 1975 aliteuliwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mwaka 1976 ilifanyika operesheni ya kusaka wauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Raia wengi walikamatwa, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwinyi hakumpiga mtu wala hakuwapo kwenye vyumba vile. Lakini polisi walikuwa chini ya wizara yake, na waliokufa walikuwa watu wa nchi yake. Januari 1977 akajiuzulu.

Je, alipotea? Hakupotea. Alipelekwa Misri kuwa balozi. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere akamkabidhi nchi, akaiongoza miaka kumi, na 1995 muda wake ulipokwisha akaondoka kwa amani. Alifariki Februari 29, 2024, akazikwa Mangapwani, palepale alipofundisha akiwa kijana.

Tusimfanye malaika. Utawala wake ulikuwa na makosa, na watu waliyasema yeye mwenyewe akiwa hai. Ninachosema ni kimoja: alijua kuwa dhamana ya kiongozi haiishii pale mkono wake ulipogusa. Mwalimu mkuu anaulizwa darasa likifeli, hata kama si yeye aliyeshika chaki.

Ndugu zangu, mmekwishajua ninapoelekea.

Mwanzoni mwa mwaka tulichanga fedha za madawati ya shule yetu ya msingi. Mama lishe walitoa, bodaboda walitoa, wazee wasio na pensheni walitoa. Fedha zilikaa miezi mitatu kwa aliyekabidhiwa, fundi hakulipwa, na sehemu yake imetumika kwa mambo mengine. Huyo ataulizwa na Kamati kwa utaratibu wetu, na simtaji hapa. Mimi sikula hata shilingi. Lakini mwenye wajibu wa kudai risiti na kukagua daftari kila mwezi ni Katibu. Sikudai. Nilimwonea haya kwa kuwa ni rafiki. Leo hii watoto wetu bado wanaandika wakiwa wamekaa sakafuni.

Kwa hiyo, jana nilimkabidhi Mwenyekiti mambo mawili: daftari lote la michango, jina kwa jina, na barua yangu ya kujiuzulu. Jumapili ijayo saa kumi jioni mkutano utaamua kuipokea au kuikataa. Naomba msinionee huruma, wala msinihukumu kwa uvumi. Njooni na kumbukumbu za mlichotoa, tulinganishe na daftari, tujue kilichobaki, na tukubaliane tarehe ya fundi kuanza kazi.

Nikibaki, nitabaki kwa kura zenu. Nikiondoka, bado nitakuwa mwanachama wa tawi hili, na mchango wangu wa dawati moja nimekwisha kuulipa moja kwa moja kwa fundi. Risiti iko kwa Mwenyekiti.



Imetolewa na:
Katibu wa Tawi
(Tafadhali mfikishie na mwanachama asiye na simu.)