Mpiga Kinanda wa Johannesburg na Kambi ya Kongwa



Mtaniwia radhi kuja Kongwa na habari za bendi za Kiingereza. Huku watu wanajua karanga, ng'ombe na wapigania uhuru. Magitaa ya Liverpool yanahusu nini? Yupo mpiga kinanda mmoja anayeniunganishia habari hizi. Ni Manfred Lubowitz, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1940 na kuihama Afrika Kusini mwaka 1961 kwa kuuchukia ubaguzi wa rangi. Alipofika Uingereza alijiita Manfred Mann, na bendi yake ikabeba jina hilohilo.

Agosti 1963 televisheni ya ITV ilianzisha kipindi cha Ijumaa jioni, Ready Steady Go!. Kilichokitofautisha ni studio yenyewe. Ilikuwa ndogo, kamera zikipenya katikati ya vijana wanaocheza, hata mtazamaji akaona viatu, nywele na jasho lao kama anavyomwona mwimbaji. Mwanzoni bendi nyingi zilifumbua midomo tu huku sahani ya santuri ikizunguka. Kuanzia Aprili 1965 zikatakiwa kupiga kweli. Kuanzia 1964 wimbo wa kufungulia kipindi ulikuwa wa Manfred Mann, 5-4-3-2-1. Nao BBC wakajibu kwa Top of the Pops, kilichoanza tarehe 1 Januari 1964 katika jengo lililokuwa kanisa mjini Manchester, na Rolling Stones wakawemo siku hiyohiyo. Vijana hao weupe walijifunza kazi kwenye santuri za Wamarekani weusi kama Muddy Waters na Bo Diddley. Kwa haki niseme kwamba Ready Steady Go! iliwaleta wenye muziki wenyewe pia: James Brown alipewa kipindi kizima mwaka 1966.

Mwaka 1964, ule wa kuanza kwa Top of the Pops, Waafrika Kusini wengine, waliotoroka utawala uleule, walifika hapa. Serikali yetu iliwapa wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC, kambi katika eneo lililoachwa na mradi wa karanga, ule uliowatia Waingereza hasara ya pauni milioni 36 hivi kati ya 1947 na 1951. Vyama vya ukombozi vya nchi nyingine, FRELIMO, na baadaye SWAPO, ZAPU na MPLA, navyo vilikuwa na kambi hapa. Chris Hani, mmoja wa wapiganaji wa Umkhonto, alipita Kongwa akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Muziki wa kambini ulikuwa wa vifua na miguu, nyimbo za kwata na za kuomboleza nchi. Wakimbizi wa namna mbili kutoka nchi moja: mmoja alihitaji kamera ili ale, wengine kamera ingewaponza.

Jambo linalonishangaza ni kwamba Pretoria na Dar es Salaam, mahasimu wakubwa, walikubaliana kwa kitu kimoja: televisheni hapana. Afrika Kusini iliikataa hadi 1976. Waziri wake wa posta, Albert Hertzog, aliogopa watu wazoee kuona weusi na weupe wakichanganyika. Kwetu Tanzania Bara hoja ilikuwa nyingine kabisa, kwamba nchi maskini haiwezi kuanza na anasa ya wachache wa mjini, na tukangoja hadi 1994. Zanzibar haikungoja, ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Kenya walikuwa nayo tangu 1962.

Je, kukosa kioo kulituponya na tamaa za vijana wa London? Hata kidogo. Redio ilileta sauti, sinema na jarida la Drum vikaleta mavazi. Mwaka 1969 Operesheni Vijana ya TANU Youth League, umoja wa vijana wa chama tawala, ilipiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na Novemba mwaka huo serikali ya mkoa ikapiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam. Angalieni orodha hiyo: karibu yote ni vitu vya kuonwa. Mimi nadhani waliomwogopa mwimbaji waliogopa zaidi yule binti anayecheza mbele yake, na huyo hakuhitaji televisheni kufika dansini Magomeni.