Goti Linalouma na Mteremko

Anayekimbia wiki nzima porini kwa ramani na dira, goti likimuuma kuzunguka pia ya goti, huambiwa alale kitandani. Ushauri huo una huruma, lakini mara nyingi hauponyi. Kinacholichokoza zaidi ni kuteremka, kwa sababu misuli ya paja hufunga breki huku ikirefuka, na pia ya goti hukandamizwa kwenye mfupa wa paja. Basi punguza umbali, tembea kwenye miteremko, imarisha mapaja na nyonga. Ukilala tu, misuli hunywea, na mzigo uleule hulikuta goti likiwa dhaifu zaidi.

Wapo wanaosema mbio hula magoti. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta ugonjwa wa kulika kwa viungo vya nyonga na goti kwa asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa kujifurahisha, 10.2 ya wasiokimbia, na, kweli, 13.3 ya wanamashindano. Hilo halithibitishi kwamba mbio ni kinga, maana wenye maumivu huenda huacha mapema. Ila goti lililovimba, linalokwama au lisilobeba uzito, lipeleke hospitali. Usilinyamazishe kwa vidonge ili umalize wiki.