Upande wa Kifungo: Shati, Jinsia na Mpangilio wa Kulia na Kushoto katika Uwanda wa Kati

Mhadhara wa umma, Dodoma



Belo la mitumba linapofunguliwa katika Soko la Sabasaba, mashati yaliyovaliwa Ulaya, Marekani na China humwagika pamoja, na kazi ya kwanza ni kuyachambua. Rangi haisaidii sana, kwa kuwa shati jeupe la ofisini ni jeupe kwa wote. Ukubwa nao hudanganya. Alama isiyoyumba ni ndogo: shati la kiume huwa na vifungo upande wa kulia wa mvaaji na matundu upande wa kushoto, hivyo upande wa kushoto hulala juu ya wa kulia. La kike hugeuzwa. Mwanamume aliyenunua kwa haraka huigundua tofauti hiyo nyumbani, vidole vyake vinapohangaika kifuani.

Kwa nini iwe hivyo? Mwanamume na mwanamke wana mikono ileile, na takriban watu tisa kati ya kumi, wa jinsia zote, hutumia zaidi mkono wa kulia. Mwili hautoi jibu. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba upande wa kifungo ni alama ya kutenganisha watu, iliyotafutiwa sababu baadaye na kugandishwa na kiwanda. Na uwanda wa kati wa Tanzania ni mahali pazuri pa kuipima hoja hiyo, kwa kuwa Wagogo, wenyeji wa uwanda huu, walikuwa na mpangilio wao wa kulia na kushoto, wa kiume na wa kike, kabla shati halijafika.

Hadithi nne kutoka Ulaya

Vifungo vyenye matundu vilianza kuenea katika mavazi ya Ulaya katika karne ya 13. Kuhusu pande zake zimezuka hadithi nne.

Ya kwanza ni ya upanga. Askari alining'iniza upanga ubavu wa kushoto na kuuchomoa kwa mkono wa kulia. Koti lililopandana kushoto juu ya kulia halikumkwamisha. Deraya za chuma nazo zilipandanishwa hivyo, ili ncha ya silaha ya adui iteleze badala ya kupenya kwenye maungio. Ya pili ni ya mjakazi: bibi tajiri alivalishwa na mtumishi aliyesimama mbele yake, basi vifungo vikawekwa upande uliomfaa mtumishi. Ya tatu ni ya mama mwenye mtoto mkono wa kushoto, anayefungua nguo kwa mkono wa kulia ili anyonyeshe. Ya nne ni ya Napoleon, aliyezoea kuchorwa mkono ukiwa ndani ya kizibao. Inasimuliwa kwamba wanawake walipomwigiza kwa dhihaka, aliamuru vifungo vyao vihamishwe.

Hadithi ya upanga ina uzito kwa upande wa wanaume, kwa sababu koti la kiume la Ulaya lilifuata kwa karibu sare za jeshi. Lakini haisemi lolote kuhusu wanawake: kutoshika upanga si sababu ya kugeuziwa vifungo. Ya mjakazi inakwama kwa Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, ambaye kuvalishwa kwake kila asubuhi huko Versailles kulikuwa sherehe yenye watazamaji. Kama mvalishaji ndiye aliyeamua upande, vifungo vya mfalme huyo vingekuwa vya kike.

Ya mama ina ukweli wake wa pembeni. Mwaka 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, Lee Salk, alionyesha kwamba akina mama wengi humpakata mtoto upande wa kushoto: asilimia 83 ya wanaotumia mkono wa kulia, na asilimia 78 ya wanaotumia wa kushoto. Ila kumpakata mtoto hakumlazimishi mshonaji; blauzi hufunguka vilevile kutoka upande wowote. Kwa mama wa Chamwino au Bahi, ambaye kutwa mtoto wake yuko mgongoni ndani ya mbeleko, maelezo haya yanapwaya zaidi. Hadithi ya Napoleon ni kisa cha barazani tu, amri yenyewe haionekani.

Ushahidi wenye faida unapatikana mahali pengine. Mwezi Juni 1666 Samuel Pepys, mtumishi wa serikali wa London aliyeandika shajara mashuhuri, aliwaona mabibi wa ikulu wamevaa mavazi ya kupandia farasi yaliyofungwa vifungo kifuani kama ya wanaume. Alikerwa: kama si sketi ndefu iliyoburuzika chini ya koti, asingewatambua kuwa wanawake. Wakati huo nguo nyingi za kike zilifungwa kwa kamba, pini na kulabu, aghalabu mgongoni. Hofu ya Pepys ilikuwa ya mtu aliyepoteza alama.

Kiwanda na tundu

Alama hiyo ilipatikana kwa uthabiti katika karne ya 19. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilidai sare kwa maelfu ya maelfu ya askari, na vipimo vya kiwandani vikaanza kuchukua nafasi ya futi ya fundi. Mwaka 1881 John Reece wa Boston akatoa mashine ya kushonea matundu ya vifungo. Miaka ya 1890 wanawake wa mijini, makarani na walimu, wakapenda blauzi iliyoshonwa kwa mfano wa shati la kiume: kola ileile, mikono ileile, vifungo vilevile mbele. Nguo mbili zilipokaribiana kiasi hicho, upande wa kifungo ukabaki kuwa njia rahisi ya kusema hii ni ya nani.

Fundi yeyote wa Dodoma anajua kwa nini uamuzi huo ukishafanywa haubadiliki. Kifungo hung'olewa na kushonwa upya kwa dakika chache. Tundu halihamishiki: ukilifunga linaacha kovu, ukilikata upya karibu yake kitambaa kinachanika. Shati lililotoka kiwandani na upande wake hubaki nao mpaka liwe tambara.

Walimwengu wengine waliupa upande kazi tofauti. Mwaka 719 serikali ya Japani iliamuru vazi lipandanishwe kushoto juu ya kulia, na mpaka leo kimono ya mwanamume na ya mwanamke hufungwa hivyo. Kinyume chake ni cha maiti. Katika China ya kale upande ulimtenga mstaarabu na mgeni wa nyikani. Wayahudi wa madhehebu ya Hasidi hupandanisha makoti ya wanaume kulia juu ya kushoto, kwa kuwa kulia ndiko kunakopewa heshima. Hai na maiti, mwenyeji na mgeni, mteule na asiye mteule: palipotakiwa mpaka, pindo la nguo lilitumika.

Nguo iliyofungwa fundo

Katika Ugogo ya karne ya 19 swali hili lisingeeleweka, kwa sababu nguo iliyopita hapa haikushonwa. Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza nchi hii kavu, na watemi wa Kigogo waliitoza hongo kwa ruhusa ya kupita na kuteka maji. Richard Burton alipita mwaka 1857 na Henry Stanley mwaka 1871, na maandishi yao yamejaa malalamiko kuhusu malipo hayo. Sehemu kubwa ya hongo ilikuwa kitambaa: merikani nyeupe kutoka viwanda vya Marekani, na kaniki iliyotiwa nili. Kipimo kilikuwa shuka, mikono minne, na doti, mikono minane.

Kitambaa hicho kilizungushwa mwilini na kufungwa fundo begani, mtindo wa rubega, au kikasokotwa kiunoni. Fundo halina jinsia ya kudumu, maana hufungwa na kufunguliwa na mvaaji mwenyewe kila siku. Kifungo kilikuja na wengine. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na pamoja nayo maduka ya Wahindi na cherehani. Askari, karani na mwanafunzi wa misheni ndio waliovaa shati, na shati la askari lilikuja na upande uleule wa majeshi ya Ulaya.

Kulia na kushoto katika Ugogo

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Peter Rigby aliishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wagogo. Makala yake ya mwaka 1966 ilieleza jinsi kulia kulivyohusishwa na mwanamume na nguvu, na kushoto na mwanamke na udhaifu. Huu haukuwa usawa, na mhadhara huu haukusudii kuupamba. Ulikuwa hata hivyo mpangilio uliosemwa waziwazi, wenye majina na desturi.

Ukiupima kwa mpangilio huo, shati la kiume la Ulaya limekosewa: upande wa kushoto, ambao Mgogo aliuhesabu wa kike, ndio unaolala juu. Mgogo aliyetaka shati lifuate mila yake angelifunga kama Hasidi. Shati lilipokewa jinsi lilivyo.

Makala nyingine ya Rigby, ya mwaka 1968, inagusa mavazi moja kwa moja. Mifugo ilipokumbwa na maradhi, au nchi ilipoharibikiwa, wanawake walivaa nguo za wanaume, wakashika silaha zao na kwenda kuchunga ng'ombe. Wanaume waliwaachia. Kwa ngoma na vishindo wanawake hao waliibeba nuksi na kwenda kuitupa mpakani mwa nchi, kisha kila mmoja akarudia nguo zake. Kugeuza vazi kulikuwa tiba. Kulikuwa na wakati wake, watu wake na kikomo chake, na kila aliyetazama alijua kwa nini mambo yamepinduliwa. Vazi la kike la kiwandani, lililopinduliwa moja kwa moja tangu karne ya 19, halina mtu anayeweza kueleza kikomo chake.

Macho ya serikali

Tanzania huru imejadili mavazi kwa sauti kubwa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Tarehe 1 Juni 2021, bungeni hapa Dodoma, Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alimtoa nje mbunge mwanamke wa Momba baada ya mbunge mwenzake kulalamikia suruali aliyovaa, na mjadala ukaenea nchi nzima.

Katika mijadala yote miwili hoja ilikuwa urefu, ubanaji na heshima. Upande wa kufungia haukutajwa. Suruali yenyewe inaonyesha jinsi upande huo ulivyo mlegevu: ilipokuwa vazi la wanawake, viwanda vingi viliacha zipu ya mbele ifuate upande wa kiume, na jinzi za kike zinazouzwa Dodoma mara nyingi hufungika kama za kiume bila yeyote kulalamika. Jinsia ya mvaaji haikuhitaji alama hiyo kwenye suruali. Kwenye shati imebaki kwa sababu ruwaza za kukatia zimebaki.

Kazi iliyo mbele

Historia hii inaweza kuandikwa kwa ukamilifu zaidi hapahapa. Picha za zamani za misheni za Mpwapwa na Mvumi zinaweza kuonyesha wasichana wa kwanza waliovaa blauzi, na upande uliofungwa. Mafundi wazee wanaweza kuulizwa walijifunza ruwaza kutoka kwa nani, na kama waliwahi kushona sare za wavulana na wasichana kwa ruwaza moja.

Swali hilo la mwisho lina faida ya leo. Shati jeupe la shule ni lilelile kwa kitambaa, kola na mfuko. Shule hukagua usafi, rangi na urefu wa sketi. Fundi akishona mashati yote kwa upande mmoja atakata vitambaa kwa ruwaza moja, na shati lililombana kaka linaweza kuvaliwa na dada yake muhula unaofuata bila darasa kumcheka.