Ukame na Majani ya Chai Yetu

(Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama, Nkunga)



Watu wa mbali hudhani kwamba Rungwe haijui ukame, maana mvua yetu ya mwaka hupita milimita 1,500 mahali pengi. Hata hivyo, tangu Juni hadi Oktoba mvua ni haba. Juni na Julai baridi hutusaidia. Septemba na Oktoba jua huwa kali na hewa kavu. Ndipo uzito wa majani hupungua, na baadhi yetu huitazama mizani kwa shaka. Mizani haina kosa.

Jani lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Hewa huingia humo, nalo jani huigeuza kuwa chakula kwa nguvu za jua. Mvuke wa maji hutokea humo humo. Maji yakipungua mizizini, mmea hufunga vitundu hivyo usije ukakauka, na kwa kufanya hivyo hujinyima chakula. Machipukizi hulala, tukakosa cha kuchuma.

Miche michanga huumia kwanza, kwa kuwa mizizi yake haijafika chini. Migomba nayo, yenye mizizi ya juu juu, huzaa mikungu midogo.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukate shauri juu ya wale wachomao nyasi mabondeni kila Agosti. Nyasi hizo, pamoja na majani makavu ya migomba, zikitandazwa shambani mvua za Mei zisijakwisha, huhifadhi unyevu. Zisiguse shina tu, lisije likaoza.