Dawa Mbili kwa Mpigo Mmoja: Saratani ya Matiti kwa Wanawake Wenye Umri Mkubwa

Mwaka 1986 madaktari wa Australia na New Zealand walichapisha matokeo ya jaribio linalostahili kufundishwa katika kila chuo cha udaktari. Waliwachukua wanawake 339 waliokwisha kukoma hedhi, ambao saratani ya matiti ilikuwa imewasambaa mwilini, wakawagawa kwa kura katika makundi matatu. Kundi moja lilianza na tibakemikali ya doksorubisini na siklofosfamidi. Jingine lilianza na vidonge vya tamoksifeni, na ugonjwa ukikaidi ndipo lipewe tibakemikali. La tatu lilipewa vyote kwa pamoja.

Kwa kutazama uvimbe tu, kundi la tatu liliongoza: takriban nusu ya wanawake wake walipata nafuu ya kupimika, dhidi ya zaidi kidogo ya mmoja kati ya watano walioanza na vidonge. Lakini muda wa kuishi ulipohesabiwa, makundi hayo hayakupishana. Walioanza na vidonge, kwa jumla, hawakupunjwa umri. Waliahirisha kichefuchefu, nywele kunyonyoka na uchovu wa kumlaza mtu kutwa nzima, na kwa bibi wa miaka 75 hilo si jambo dogo hata kidogo.

Kwa nini nguvu mbili zisizae maradufu? Maelezo yenye mashiko yanatoka maabara. Tibakemikali huziua zaidi seli zinazogawanyika. Tamoksifeni hukalia vipokezi vya estrojeni, na seli iliyokosa kichocheo hicho hutulia. Ni sawa na kuwatuliza samaki mwambani, kisha kuwatupia nyavu juu ya maji.

Tena kuna madhara. Nchini Kanada, jaribio lililochapishwa mwaka 1996 liliwahusu wanawake 705 waliokoma hedhi, ambao saratani yao ilikuwa imefika kwenye tezi za kwapani tu. Kati ya waliopewa tamoksifeni pamoja na tibakemikali, asilimia 13.6 walipata tatizo la damu kuganda mishipani. Kati ya waliopewa tamoksifeni peke yake, asilimia 2.6. Doksorubisini nayo huweza kuudhoofisha moyo, na moyo wenye umri huwa na akiba ndogo.

Hata hivyo, tibakemikali haipaswi kuogopwa. Ini likianza kushindwa kazi, au mapafu yakizidiwa, mgonjwa hana nafasi ya kusubiri vidonge vinavyofanya kazi polepole. Na uvimbe usio na vipokezi hautanufaika na tiba ya homoni.

Wazo la kuunganisha dawa halikufa. Lilirudi kwa sura nyingine. Jaribio la mwaka 2016 liliongeza palbosiklibu, dawa inayozuia seli kuanza kugawanyika, juu ya letrozoli inayopunguza estrojeni. Hapa dawa zote mbili husukuma upande mmoja. Muda wa kati kabla ugonjwa haujasonga mbele ulipanda kutoka miezi 14.5 hadi 24.8.

Kwa wagonjwa wengi bei ya dawa hizo mpya bado ni ukuta. Tamoksifeni imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ni ya bei nafuu. Kinachotakiwa kwanza ni kipande cha uvimbe kipimwe vipokezi, na majibu yamfikie daktari kabla dripu ya kwanza haijatundikwa.