Nyumba ya Watu Walioacha Ulevi



Katika sikukuu hii ya jubilei nimeambiwa niseme habari za ile nyumba ya mwalimu iliyo tupu nyuma ya shule, ambayo baadhi yetu wanataka ikaliwe na watu walioacha pombe na unga. Wako wanaoogopa, wala hawaogopi bure, maana watoto wetu hupita pale killa siku. Basi kabla hatujakata shauri yafaa tujue nyumba ya namna hii ni kitu gani.

Wengi hudhani ni hospitali ndogo. Sivyo. Maumivu makali ya kuacha unga, ambayo vijana huyaita arosto, hupita kwa muda wa siku chache; na waganga wanazo dawa. Lakini mtu akisha kutibiwa hurudi wapi? Hurudi baraza ile ile, kwa rafiki wale wale, na mama yake amekwisha ficha sufuria kwa kuogopa zitauzwa. Hapo ndipo wengi huanguka.

Huko Marekani, katika mji wa Silver Spring, palikuwa na nyumba ya watu walioacha pombe, nayo ilisimamiwa kwa fedha ya serikali. Mkaaji alipewa miezi sita, kisha hutoka. Katika mwaka 1975 fedha ikakoma, nyumba ikawa ya kufungwa. Wakaaji walikuwa wameona wenzao wakitoka kwa kutimiza miezi tu, na wengi wao wakirudia kunywa. Wakashauriana, wakaipanga nyumba wenyewe pasipo msimamizi, wakaiita Oxford House. Sheria zao zilikuwa chache: mambo huamuliwa kwa kura, killa mtu hulipa sehemu yake ya kodi, naye arudiaye ulevi hutoka mara moja. Ashikaye sheria hukaa hata aone mwenyewe kwamba ana nguvu. Viongozi huchaguliwa kwa miezi sita, asipate mtu kujifanya sultani. Leo nyumba hizo ni maelfu.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha DePaul waliwafuata watu 150 waliotoka matibabuni: nusu walipelekwa katika nyumba hizo, nusu wakaenda kwa desturi ya siku zote. Habari yao ilipigwa chapa mwaka 2006. Baada ya miaka miwili, wa nyumba zile waliokuwa wakitumia kileo au dawa za kulevya walikuwa 31 katika mia. Wale wengine, 65. Angalieni, hata wa nyumbani karibu theluthi walianguka. Mtu akituahidi kwamba wote watapona, tusimsadiki.

Hofu ya majirani nayo si ya kwetu peke yetu. Mji wa Edmonds uliipinga nyumba ya namna hii, neno likafika mahakama ya juu kabisa ya Marekani, na mwaka 1995 mji ukashindwa katika hoja yake.

Unguja nyumba hizi zilianza mwaka 2009, na watu huziita soba hausi. Huko walioacha unga huwaongoza wenzao, na mara nyingi jamaa ndio walipao. Hilo ni jema, lakini kwetu jamaa wengi wamekwisha filisika.

Sasa, wazee wametoa shauri kwamba tuweke mlinzi mlangoni, na ufunguo akae nao padre. Kwa heshima yao nalikataa. Mtu aliyefungiwa huacha ulevi kwa ajili ya kufuli, na siku kufuli litakapoondoka hana alichojifunza. Ufunguo wapewe wao. Kodi walipe wao tangu mwezi wa kwanza, hata ikiwa ndogo, kwa kuvua samaki au kuchukua zege.

Limebaki jambo moja gumu. Atakayetolewa usiku kwa kunywa, atalala wapi? Tukimwacha njiani atarudi kwa wauza unga kabla ya kucha. Nataka jamaa tatu zitakazokubali kumpokea mtu wa namna hiyo kwa usiku mmoja, hata asubuhi apelekwe hospitali. Walio tayari waniletee majina yao kabla ya Jumapili, maana baraza litakaa Jumatatu.